Kofi la Kiranja

Kwa miaka kumi na minane, kati ya kitanda changu na redio ya jirani yangu palikuwa na ukuta mmoja tu wa matofali, na wenyewe haukuwa mnene. Nyumba zetu pale Hayes, magharibi ya London, zimejengwa mbilimbili, zimeshikana ubavu, kwa hiyo mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili unamwombea afya. Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Mimi nilimwita Jirani, yeye akaniita Mama Neema, na barua zake zikiangukia kwangu kwa makosa nilizitambua kwa namba ya nyumba. Alizaliwa wapi hasa na baba yake alikuwa nani, alinieleza mara moja nikasahau. Ninachokumbuka vizuri ni mikono yake.

Ilikuwa mikono mikubwa, mikavu, na viganja vyake vikikutana vililia kama mbao mbili. Na mzee alikuwa na ugonjwa wa kupiga makofi. Basi likifika kwa wakati, analipigia makofi, dereva anadhani anadhihakiwa. Maziwa yakichemka yasimwagike, makofi. Fundi wa boila ya maji moto akija siku ileile aliyoahidi, huyo alipigiwa tangu getini. Wala hayakuwa makofi ya ovyo ovyo ya watu wa ukumbini. Yalikuwa makofi ya kilo, yale ya paredi za shule za msingi kwetu Kenya. Mgeni amekuja, mwalimu mkuu anasema, "Mpeni kilo!" na watoto mia tano wanapiga matatu, matatu, tena matatu, halafu kimya. Kisha kiranja, peke yake mbele ya wote, anapiga moja la kufunga. Jirani alikuwa kiranja kule Kitale. Mimi nilisoma Taita, mbali naye nchi nzima, lakini kofi la kiranja na sisi tulikuwa nalo.

"Lile la mwisho lazima lichelewe kidogo," aliniambia siku moja tukitoa takataka. "Ukiliwahisha, watu watasema umekosea. Lichelewe, wajue umekusudia."

Mgeni mwenyewe, kwa sheria hiyo ya paredi, hajipigii. Anakaa mikono magotini anapokea. Na hapo ndipo Jirani alipokuwa kioja, maana mtu huyu aliyeupigia makofi ulimwengu mzima hakuweza kabisa kupigiwa yeye. Siku alipostaafu usafi uwanja wa ndege, wenzake walikusanyika na keki wakaanza kumpigia, akatoroka. Walimkuta stoo, amejificha katikati ya ndoo na mifagio, anadai anatafuta koti lake.

Habari njema za nyumbani kwangu alizipigia ukutani. Nilipomleta Neema kutoka hospitali, mtoto wa siku mbili, ukuta ulilia matatu, matatu, matatu, na lile moja. Neema alipoota jino, alipojua kuendesha baiskeli, alipofaulu mitihani, ilikuwa hivyo hivyo. Mimi kazi yangu ni kupanga trei za chakula cha abiria wa ndege kwenye ghala, na siku nilipofanywa msimamizi wa mstari wetu, sikumwambia mtu isipokuwa dada yangu kwa simu. Sijakata simu, ukuta ukaanza. Dada yangu akauliza kama tunajengewa.

Kazi ya usafi aliiheshimu kuliko watu wengine wanavyoheshimu udaktari. Alikuwa na msemo: "Usifagie ukienda mbele, utakanyaga ulipofagia. Fagia ukirudi nyuma, uone ulichofanya." Alinifundisha kupiga deki jikoni kwangu, mimi mwanamke mzima mwenye nyumba yangu, akaanzia kona ya mbali akarudi nyuma taratibu hadi mlangoni, akatokea nje kwa mgongo kama mtu anayeagana na mfalme. Nilimcheka, lakini mpaka leo napiga deki hivyo. Nyumba yake iling'aa. Ugali wake, Mungu anisamehe, ungeweza kuzibia ufa wa ukuta.

Kupika alijifunza ukubwani, mkewe alipomwacha. Hilo alilisimulia akicheka. "Aliyeachwa na basi hungoja jingine, Mama Neema. Aliyeachwa na mke hujifunza kupika." Mama huyo aliondoka mchana kweupe, miaka mingi kabla sijafika Hayes. Akamwachia gramafoni, akabeba santuri zote. "Ni kama kumwachia mtu sufuria ukaondoka na jiko," alisema. Mtoto wao mmoja wakamlea kwa zamu. Jina la yule mama sikulisikia hata siku moja kinywani mwake, lakini kila Disemba alimwandikia kadi ya Krismasi kwa mwandiko wake bora, akanipa mimi nikaitie kwenye sanduku la posta, kisingizio chake kikiwa ni goti.

Na sasa nifike kwenye wimbo.

Mtu wa kanisa kama yeye, mzee wa kuvaa tai hata siku ya kwenda kununua sukuma wiki, ungetegemea apende nyimbo za kwaya. Alizipenda. Lakini kipenzi chake kilikuwa wimbo mmoja wa Kiingereza wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wa vijana wanne wazungu wenye tai nyembamba na magitaa. Ulipata umaarufu mkubwa wakati ule, na hao vijana hawakusikika tena. Ni wimbo wa kuachwa. Kijana anaimba kwamba msichana wake amehama mtaa bila kuacha anwani, naye amebaki kusimama mbele ya nyumba tupu na maua mkononi. Maneno ni ya msiba kabisa. Lakini magitaa yanakimbia, ngoma inaruka, na baada ya kila kiitikio kuna makofi, na ukiusikia unajikuta unaosha vyombo mara mbili ya mwendo wako. Neema akiwa na miaka kumi aliniuliza, "Mum, why is it so happy? She left him." Swali nililipeleka upande wa pili wa ukuta.

"Mwambie huzuni ikija na mdundo, ifungulie mlango," akasema Jirani. "Ikija bila mdundo, iambie hupo nyumbani."

Jumamosi redio ya nyimbo za zamani ilipoupiga, yeye alikuwa akisafisha madirisha. Nilimsikia akiimba na kijana yule, Kiingereza chake cha Kitale na tai yake shingoni, na kila mara karibu na mwisho alipaza sauti kwa hasira: "Wanakula mkia! Hawa watu wanakula mkia tena!" Maana mtangazaji hakungoja wimbo uishe. Aliingiza maneno yake ya hali ya hewa na foleni za magari, na mwisho wa wimbo ukapotea humo.

Mkia ulimuuma kwa sababu alidai ni wake.

Hadithi yenyewe aliisimulia hivi. Alipokuwa kijana mgeni London, alikuwa anafanya usafi kwenye studio ndogo ya kurekodi muziki, magharibi ya mji. Alasiri moja vijana wanne walikuwa wanakwama. Magitaa waliyajua, kuimba walijua, lakini kupiga makofi pamoja hawakuweza, yalimwagika kama njugu. Fundi mitambo akachoka, akafungua mlango, akamwona Jirani kwenye korido na deki yake. Akamwambia, wewe, hebu njoo utuongoze. Jirani hakujua makofi mengine duniani isipokuwa ya kilo. Akapiga matatu, matatu, matatu, vijana wakamfuata, yakanyooka. Sasa wimbo ulipofika mwisho kila kitu kikanyamaza, mashine bado inarekodi, na kiranja wa Kitale akasahau yuko wapi. Mkono ukaenda wenyewe. Akapiga lile moja la kufunga.

"Nikajua nimeharibu kazi ya watu," alisema. "Lakini yule mpiga ngoma alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kiti chake. Wakasema liachwe. Wakanipa chai na biskuti, nikarudi kumalizia korido."

Ilikuwa hadithi nzuri, na mimi sikuiamini hata chembe. Hapa London kila Mkenya wa zamani ana hadithi yake. Kuna aliyempikia waziri, kuna aliyekaribia kuoa binti wa tajiri fulani. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu mzima, nikasema "ehe" palipostahili "ehe".

Kisha ikaja sherehe ya kipaimara cha Neema, miaka miwili iliyopita, katika ukumbi wa kanisa. Chapati zimejaa, pilau imejaa, watu kama themanini. Kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na mimi kipaza sauti kikiwa mkononi ni mtu mwingine. Jirani alikuwa mezani na vijana, anawasimulia habari ya studio. Kijana mmoja akautafuta wimbo kwenye simu, akauunganisha na spika za ukumbi. Watu wote wakanyamaza wakasikiliza hadi mwisho. Na mwisho ukafifia. Sauti ilishuka, ikashuka, ikaisha. Hapakuwa na kofi lolote.

Jirani alisema, "Huu si ule. Wameukata." Akasema taratibu, mkono umeinuliwa nusu.

Na mimi nikasema kwenye kipaza sauti, "Jamani mwacheni mzee wangu. Kesho atatuambia ile kengele ya saa kubwa ya mjini ni yeye anayeigonga, akiwa na deki!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza. Jirani naye alicheka, akamaliza pilau yake, akamshika Neema kichwa akambariki, akanishukuru kwa chakula kitamu, akaenda nyumbani. Nilijua kabla hajafika mlangoni kwamba nimemuumiza. Lakini mtu mwenye mdomo kama wangu huomba radhi kesho, na kesho hiyo ina tabia ya kuhama.

Tangu siku ile ukuta ulinyamaza. Tulisalimiana kwenye takataka vizuri tu, habari ya asubuhi, njema, baridi leo, kweli baridi. Neema alipata nafasi kwenye chuo alichokitaka, nyumba nzima tukapiga vigelegele, na upande wa pili hakuna kilichosikika. Alikuja mlangoni na kadi. Kadi nzuri, yenye mwandiko wake bora. Nilipoiona nililia, na Neema akadhani ni furaha.

Majira haya ya kuchipua mwanawe aliamua kumhamishia kwake Harrow, kwa sababu ya goti na ngazi. Wiki hiyo Neema alikwenda kumsaidia kufunga vitu, akarudi amenuna.

"Mum, Mzee aliniuliza something weird. Kama mtu anaweza kuota kitu kwa miaka arobaini, akaamini kilitokea."

"Ukamjibu nini?"

"I said I don't know. Hakuwa anajoke, Mum."

Sikulala vizuri, naomba niseme ukweli. Kumcheka mtu ni jambo moja. Kumnyang'anya kumbukumbu yake akaanza kuitilia shaka mwenyewe, hilo lilikuwa jambo jingine, na mimi ndiye niliyelitenda, tena kwenye spika.

Nikaanza kutafuta. Kila siku ya mapumziko nilizunguka maduka ya mitumba ya hisani, Hayes, Hounslow, Uxbridge, nikipekua maboksi ya santuri pamoja na wazee wenye ndevu ambao hawakuelewa nimetokea wapi. Wiki ya tatu, Hounslow, nikawaona. Vijana wanne, tai nyembamba, kwenye jalada la santuri. Mzee aliyekuwa akijitolea pale dukani alivaa miwani, akaigeuza, akaniambia hii ni ya toleo la kwanza kabisa, kabla nyimbo hazijapunguzwa kuingizwa kwenye mikusanyiko ya vibao vya zamani. Nikamuuliza kama anajua inaishaje. Hakujua. Mimi sina gramafoni, kwa hiyo niliibeba bila kujua nimebeba dawa au sumu.

Jumamosi mchana tukaenda, mimi na Neema. Tulimkuta katikati ya maboksi, tai shingoni. Gramafoni bado ilikuwa mezani, juu yake chungu cha maua.

"Karibuni, karibuni. Chai ipo kwenye boksi, lakini ni boksi gani, hapo ndipo sijui."

Nikampa santuri. Akakaa juu ya boksi akawatazama wale vijana kwa muda mrefu, kama picha ya darasa lake. Kisha akageuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma kwa kidole. Huyu gitaa, huyu gitaa, huyu ngoma. Kidole kikasimama.

"Wameandika, makofi ni ya wote waliokuwapo."

"Wewe ulikuwapo," nikasema.

"Nilikuwapo." Akafikiri. "Au nadhani nilikuwapo."

Nikaona nisingoje kesho nyingine. "Jirani, nilikukosea. Siku ile ukumbini nilikufanya kichekesho mbele za watu, na nilijua palepale, na nimekaa miaka miwili bila kukuambia. Nisamehe."

Alifuta gramafoni kwa ncha ya mkono wa shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Sherehe ni kucheka, Mama Neema," akasema. Halafu akasema kile kilichokuwa moyoni. "Sasa tukiiweka, na lisiwepo? Mimi sasa hivi nina nusu. Siku nyingine naamini, siku nyingine siamini, na naishi hivyo. Tukisikia halipo, nitabaki na nini?"

"Utabaki na mimi niliyekukosea," nikamwambia. "Liwepo lisiwepo, sikuwa na haki ya kucheka. Ukitaka nairudisha dukani sasa hivi."

Akakiondoa mwenyewe kile chungu cha maua, akakiweka sakafuni kwa uangalifu, akapuliza sindano.

Kwanza mikwaruzo. Halafu magitaa yakatoka mbio, na yule kijana na maua yake mbele ya nyumba tupu. Neema alisimama mlangoni anatikisa bega bila kujua. Kikaja kiitikio, na baada yake makofi, na mara ya kwanza maishani mwangu nikayahesabu. Matatu. Matatu. Matatu. Nilihisi baridi ya asubuhi ya Taita, soksi zimeshuka, bendera inapanda. Nimeusikia wimbo huu mara mia kupitia ukutani, na sikuwahi kuhesabu kwa sababu nilikuwa nimeshaamua.

Kiitikio cha mwisho kikafika. Haukufifia. Magitaa yalikatika kwa mkupuo mmoja, makofi yakapiga matatu, matatu, matatu, kisha kimya. Jirani alifumba macho. Kile kimya kilikuwa kirefu mno, nikaanza kuomba Mungu kwa Kitaita.

Ndipo likalia. Moja, peke yake, kavu, mbao mbili. Na kwa mbali sana, nyuma yake, kijana fulani anaangua kicheko, na kitu kinaanguka sakafuni.

"Huyo ni mpiga ngoma," akasema Jirani.

Sindano ilifika katikati ikaanza kukwaruza bure. Hakuna aliyeinuka kuitoa.

"Oh my God, Mzee," akasema Neema. "It's you. Ni wewe kabisa."

"Ni mimi," akasema. Akavua miwani akaifuta, kisha akafuta macho, kisha miwani tena. "Sikuota. Mama Neema, sikuota."

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikasimama wima, visigino pamoja.

"Kaa vizuri, Jirani. Leo mgeni ni wewe."

"Aa, hapana. Hapana, Mama Neema, hayo mambo siyawezi." Akatazama mlango, lakini Neema alikuwa ameuziba, na stoo tayari ilikuwa imefungwa kwenye maboksi. Akatulia. Akaweka mikono magotini.

Mimi na Neema tukampigia matatu, matatu, tena matatu. Kisha tukanyamaza, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mimi shuleni sikuwahi kuwa kiranja wa chochote, hata wa kufuta ubao. Nilikuwa yule anayeandikwa kila siku kwenye orodha ya wapiga kelele. Neema akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Jirani. Mgeni hajipigii.

"Maliza," akasema.

Nikapiga moja. Viganja vyangu viliuma.

Jirani alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Umechelewa, Mama Neema," akasema. "Lakini hilo huwa linachelewa."